Harufu ya Baba

Miaka ile ya utawala wa kijeshi sabuni ilikuwa kitu cha magendo, lakini nyumbani kwetu Kibuli haikukosekana. Baba alikuwa polisi kutoka kaskazini, akahamishiwa kuendesha lori la serikali lenye turubai, na kila mwisho wa mwezi alirudi na miche miwili ya sabuni kwapani. Mama, Mkenya aliyekuja Kampala kufanya kazi dukani akaishia kuolewa na Mwislamu, aliikata kwa uzi na kuificha chini ya kitanda. Tulioga kuliko jirani yeyote. Na bado baba alinuka.

Sitapamba maneno. Alinuka kama choo cha shule siku ya jua kali, na ndani ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya chumachuma. Ilianza wakati wa mfungo wa Ramadhani, tukadhani ni kinywa cha njaa. Idi ikapita, harufu ikabaki. Mama alimtilia ndimu kwenye maji ya kuoga, akamsugua mgongo kwa majivu, akambadilishia shati kila asubuhi, yote bila kumwambia sababu. Jioni alirudi na harufu yake vilevile.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilijua inatoka wapi. Watu walikuwa wakichukuliwa na askari mchana kweupe na kutiwa ndani ya magari, wasirudi tena, na baba yangu alikuwa na gari. Hakuwahi kusema anabeba nini. Mama akimuuliza siku imekwendaje, alijibu, "Kazi ni kazi," akaendelea kuvua buti. Kwenye bomba la maji wanawake walinyamaza nilipofika na ndoo yangu. Siku moja, kabla hawajaniona, nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Ile si jasho, nyabo. Ile ni watu." Nilirudi nyumbani na ndoo tupu, nikamwambia mama foleni ilikuwa ndefu.

Kuanzia siku hiyo kila kitu cha baba nilikisoma kwa macho ya wale wanawake. Uso wake ulivimba asubuhi. Walisema serikali imemnonesha, nami nikaona amenona. Alijikuna mpaka mgongo ukatoka damu, nikasema moyoni kwamba hiyo ni dhamiri inamla. Alipoanza kutapika chai ya asubuhi nilikaa kitandani nikimsikiliza, wala sikumpelekea maji. Tulikuwa na desturi ya kula sinia moja, watatu, na baba alikuwa na tabia ya kusukuma minofu upande wangu kwa kidole bila kunitazama. Nikaanza kusema nimeshiba. Kisha nikaanza kuchukua sahani yangu na kwenda kula jikoni. Hakuuliza sababu. Baada ya wiki chache alianza kula peke yake, akisema amechelewa, au hana njaa. Nilimchukia, na nilijichukia mimi mwenyewe kwa kuvaa viatu alivyoninunulia.

Halafu lori likaharibika. Vipuri havikupatikana mji mzima, na baba akaambiwa akae nyumbani mpaka atakapoitwa. Alikaa wiki tatu. Mama hakuwa mtu wa kukisiakisia. Alichukua sare, akaichemsha ndani ya debe, akaianika siku mbili, kisha akanipa ninuse. Ilikuwa sabuni tu. Akanipa buti, nikasikia ngozi na rangi ya viatu. Mwisho akanipa shuka aliyolalia baba wiki ile ya tatu, wiki ambayo hakutoka hata kwenda msikitini. Niligeuza uso.

"Kama angekuwa anaitoa kazini, si ingekuwa imepungua saa hii?" mama alisema. "Imezidi. Hii kitu iko ndani ya mwili yake."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba na yeye alikuwa amewaza yaleyale. Karibu mwaka mzima tulilala nyumba moja, kila mmoja na hukumu yake kifuani, na hakuna aliyemuuliza mwenye mwili. Nje ndiyo kabisa. Nani angemwambia mtu wa serikali kwamba ananuka? Kinyozi wake alimnyoa akiwa amebana pumzi, akamsifu kwa afya njema.

Mama alimwambia wakati wa chai. "Mzee, unanuka."

Baba aliweka kikombe chini. "Tangu lini?"

"Tangu mfungo."

"Na watu yote nanyamaza," alisema, akacheka kidogo. Yeye mwenyewe hakuwa akiisikia.

Kesho yake alikwenda hospitali amevaa sare, maana ndiyo iliyokuwa nguo yake nzuri. Tabibu alimpokea kwa kusimama wima. Alisema afande hana kitu, ni jasho la kazi nyingi tu, akampa aspirini bila hata kumgusa. Mama aliposikia hayo aliifungia sare sandukuni. Siku mbili baadaye tulimpeleka kwingine, amevaa kanzu na ndara kama mzee yeyote, nami nimebeba mkojo wake kwenye kichupa ndani ya kikapu.

Tabibu wa pili alikuwa Muganda wa makamo, peke yake kwenye chumba chenye meza nne. Wenzake walikuwa wamekimbia nchi. "Mzee, fungua mudomo," alisema, akainama karibu kabisa na kuvuta pumzi, mara mbili. Kwa muda mrefu sikuwa nimemwona mtu akimkaribia baba hivyo. Akambonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale alipobonyeza. Kisha akamimina mkojo kwenye mrija wa kioo na kuushika juu ya moto wa taa ya spiriti. Ukaganda mweupe, kama ute wa yai kikaangoni.

"Ni figo," alisema. "Figo ndiyo nachuja uchafu ya damu. Yake imechoka zamani. Sasa uchafu nabaki ndani, natafuta njia, natokea kwa ngozi na kwa pumzi. Ile ndiyo halufu munasikia." Akamgeukia mama kwa huruma. "Bambi, nyabo, mulikuwa wapi? Mungekuja wakati ilianza."

Mama akauliza dawa. Tabibu alisema chumvi aache, nyama aache, na kwamba mashine ya kusafisha damu hapa kwetu hakuna. Kisha akaanza kusafisha mrija wake wa kioo, na mama hakuuliza tena.

Nami nitasema ukweli, kwa sababu ndio ulionikalia rohoni miaka yote hii: nilifurahi. Nilisimama pale na kikapu mkononi, nikijiuma midomo nisicheke. Nilikuwa nimeambiwa baba yangu atakufa, na nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia la mkaa. Hawakuwa watu. Zilikuwa figo.

Tukipanda kilima kurudi nyumbani baba alipumzika mara tatu. Mara ya mwisho mama alikuwa ametangulia kuwasha jiko. Baba alikaa juu ya jiwe, akavuta pumzi, akaniambia, "Nilikuona kule. Ulikuwa nafurahi."

Nilihamishia kikapu mkono wa pili.

"Ulikuwa nazania inatoka wapi, hii harufu?"

Nilitazama miguu yake iliyofura ndani ya ndara. "Kwenye lori, baba."

"Mimi nabeba posho," alisema. "Unga ya posho na maharagwe ya kambi. Ungeuliza."

"Ningekuuliza vipi, baba?"

Alifikiri. "Kweli," alisema. "Hata mimi siku hizi siuliza mutu." Akaninyooshea mkono nimwinue.

Aliishi miezi minne baada ya hapo. Lakini jioni ile, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nilirudi kwenye sinia. Mama alikuwa amepika wali na nyama, akampakulia baba uji pembeni. Nilikaa karibu naye kuliko nilivyokuwa nikikaa zamani, magoti yetu yakigusana. Uji ule hakuweza kuumeza. Alitutazama tukila, kisha akanyoosha kidole na kuanza kusukuma minofu upande wangu, mmoja mmoja. Katikati akasita, akarudisha mkono kwenye kanzu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama harufu yake inanizuia kula. Nikasema hapana. Ilikuwa inanizuia, na nilikula yote.