Mkono wa bosi wa dada

Leo nimemsalimia mtu mmoja mara mbili.

Mnaonijua mnajua nilivyo. Hata mwalimu akiniita jina darasani, sauti inagoma kutoka.

Leo hatukuwa na shule, basi mchana nilitoka kwetu Chanzuru kumpelekea dada yangu chakula. Anafanya kazi maktaba ya chuo, mjini Kilosa. Nikajibanza kwenye rafu, nasoma zangu.

Bosi wake akaingia, akampa mkono.

Hakuuachia.

"Mikono laini hivi, kazi unafanya kweli?" Anacheka, huku kidole gumba kinasugua kiganja cha dada. "Mkataba wako unaisha lini vile?"

Dada alikuwa anauvuta mkono polepole, anatabasamu kwa midomo tu.

Nikaenda kusimama mbele yao. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hata hakunitazama.

Nikanyoosha mkono wa kulia, nikapaza sauti. "SHIKAMOO, BABA!"

Wanafunzi wote wakageuka. Hapo ndipo alipokwama. Mtoto amenyoosha mkono, watu wanaangalia, na huwezi kumpa mtu mkono wa kushoto.

Ikabidi amwachie dada.

Alipoondoka, dada akaninong'oneza, "Wewe! Hiyo sauti umeitoa wapi?"

Nikamwambia akamshtaki. Akasema anayepokea malalamiko ya wafanyakazi ni huyohuyo.

(Ameniruhusu kuandika, bila majina.)

Sasa niambieni, malalamiko yake ayapeleke wapi? Nataka majibu ya kweli, siyo emoji.

Kesho mimi nina shule. Nani atamsalimia?