Niliwakutanisha mkwe na baba mkwe kwa kitambaa cha kijani, Isongole nzima ikasimama

Wakuu, poleni na majukumu.

Kisa hiki ni changu na sikiongezi chumvi. Mashahidi wapo Isongole, kule Ileje, bado wananicheka.

Mimi ni wa Tunduma, Chapwa. Filamu nimejifundisha mwenyewe kwa simu na laptop, na nina ugonjwa mmoja: kitu kisipokaa sawa, silali. Kaptula ya askari wa mkoloni ikiwa na kifungo cha plastiki, narudia scene nzima.

Nikaanza filamu ya maajabu, enzi za Mwingereza. Bwana DC anataka kupasua mlima apitishe barabara. Mzimu wa kike, mwenye mlima, anatoka kwenye ukungu kumkabili chifu aliyeuuza.

Nilitaka location halisi. Ukungu wa Ileje hauna mfano, na studio niliiona ni ya wavivu.

Mzimu akawa Tusekile, mke wa rafiki yangu. Ana macho ya kutisha, nisamehe shemeji.

Chifu akawa mzee Kibona, mrefu, na koti zito alilorithi kwa baba yake. Huyo ndiye baba mkwe wa Tusekile.

Watu wa Ileje hapo mmeshaanza kucheka.

Kwa msiojua: familia zinazoshika mila kule, mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani, anampisha kwa kuingia porini. Mimi Mnamwanga wa mjini nilidhani kwenye filamu mila inapumzika, na wala sikumwambia yeyote nani anaigiza na nani.

Nikasema "action!" Mzee akatokea kwenye kona. Mzimu unaotisha serikali nzima ya Mwingereza ukakusanya shuka lake, ukatokomea kwenye mahindi.

"Shemeji, rudi!"

"Nirudi wapi? Huyo si chifu, ni baba!"

Mzee naye alishatupa mgongo. "Kijana, mwambie nimegeuka. Apite."

Basi nikampiga picha mzee peke yake mlimani, akiukemea ukungu. Tusekile nikampeleka Mlowo, kwenye stoo ya mahindi, nikatundika kitambaa cha kijani, kile ambacho baadaye kwenye laptop unakifuta na kuweka mlima nyuma yake. Ili ajue pa kutazama, nikasimamisha fagio mahali pa chifu na kulivika kofia.

"Shemeji, una uhakika sitakutana na baba?"

"Hamtakutana."

Sikudanganya. Ila sikumwambia kwamba kwenye picha watakutana.

Nikaunganisha, nikarekebisha unywele kwa unywele, mpaka hakuna jicho ambalo lingegundua. Nilijivuna sana, wakuu.

Jioni ya kuonyesha, shuka likatundikwa ukutani Isongole. Mto ukapanda mlima, watu wametulia. DC akageuka mbuzi, makofi.

Kisha Tusekile akasimama mbele ya mzee, jicho kwa jicho, kamnyooshea kidole.

Mwanamke mmoja akapiga yowe:

"Yesu wangu! Mkwe!"

Mama mkwe akasimama. "Tusekile! Ulisimama mbele ya baba?"

"Sikusimama, mama!"

"Tumekuona sote!"

Shangazi mmoja akasema arudishwe kwao akafundwe upya. Rafiki yangu ameinamisha kichwa, Tusekile analia.

Dawa ilikuwa ndani ya laptop: zile picha za Mlowo. Lakini nikizifungua, uchawi wangu wote umekwisha, kila mtu ataona mishono. Nawaambia ukweli, nilisita. Kwa aibu hiyo hadi leo namkwepa rafiki yangu.

Nikafungua.

Tusekile kati ya magunia, anaifokea kofia: "Umeuza mlima wangu!" Fagio likaanguka. Akaliokota, akalipangusa, akaliambia "samahani, chifu", akaendelea kufoka.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama mkwe alicheka akiwa ameshika mbavu.

Mzee, mgongo wake kwa wanawake, akauliza: "Kwa hiyo mimi ndiye fagio?"

Kisha akaongeza:

"Mwambieni mkwe wangu, siku ile aliponiangusha niliumia kiuno."

Ugomvi ukaishia hapo. Wakaomba fagio lirudiwe, tena na tena. Mwisho wa filamu hakuna aliyeuulizia. Kule inaitwa "ile ya fagio".

Nilichojifunza: mlimani unapata ukungu, lakini mlima una wenyewe na wenyewe wana wakwe. Studio haina mkwe, ndiyo maana inakudanganya kwamba uko peke yako. Siku hizi kabla ya kuuliza mwanga unatoka wapi, nauliza nani ni nani kwa nani.

Wenye kamera humu, nyie mnapigia wapi? Na wa Ileje, semeni tu, najua mpo.