Mfarishi Uliotiwa Uji wa Muhogo

Haya jamani, sogeeni, sogeeni! Wewe uliyeegemea mlango ingia ndani, hadithi yangu haing'ati. Kahawa ya kutafuna ipitisheni ifike kwa kila mtu. Mwenye buni mdomoni hana nafasi ya kunibishia.

Mwanangu, nimekuona umetandaza vipande vyako vya kitambaa, pasi ya mkaa inafuka moshi, na umeniuliza swali dogo tu: "Bibi, kabla ya pasi nivitie uji wa muhogo au maji ya gundi?" Swali dogo! Swali hilo nusura linirudishe kwa baba yangu na harusi haijapoa.

Nakumbuka siku ile kama ya juzi. Ilikuwa enzi za Mwingereza, mimi msichana wa Murongo, nina shingo ndefu mpaka twiga wananionea wivu. Mnacheka nini? Nilikuwa nimechumbiwa kule Kaisho, na ukoo ule ulikuwa na desturi yake. Bibi harusi anakuja na mfarishi alioushona mwenyewe, lile shuka nene la vipande vipande lenye pamba katikati, na siku anayofika anamfunika nao mama mkwe mbele ya watu wote. Mama mkwe akitulia chini yake, umepokelewa. Akiutupa pembeni, mwanangu, utakaa nyumba ile kama mgeni anayesubiri mvua ikatike. Na mama mkwe wangu alikuwa na mkono mwepesi wa kutupa. Wake wa wanawe wakubwa, mifarishi yao yote ilikwenda kutandikwa chini ya vifaranga.

Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha kushona. Pamba tuliitoa ng'ambo ya mto, Uganda, na vitambaa ni mabaki ya fundi cherehani: merikani, kaniki, khanga. Sasa, merikani ikishafuliwa inalegea, ukiikata inakwenda upande kama mtu aliyetoka kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Lazima uitie kitu cha kuikaza, uipige pasi, ndipo ukate. Vitu vilikuwa viwili. Kuna uji wa muhogo, unaokaza nguo mpaka inakuwa ubao. Na kuna maji ya gundi ya mgunga, ile wachunga ng'ombe wanayobandua mtini wakaitafuna. Unailoweka, unanyunyiza kidogo, nguo inashika adabu bila kununa.

"Binti yangu," shangazi akaniambia, "tumia gundi. Na kama ni mbishi ukatumia muhogo, basi ukimaliza kushona ufue, utoke wote. Muhogo ni wa kukatia, si wa kujifunika."

"Ndiyo, shangazi," nikasema. Ndiyo ya mdomoni.

Maana mimi moyo wangu ulikuwa kwa karani wa baraza. Hapana, siyo hivyo, acheni macho hayo! Nilikuwa napenda shati lake tu. Lilitiwa wanga mpaka akipita linalia kama majani makavu ya mgomba, na watu wanatoka nje kuangalia nani anakuja. Nikasema na mimi mfarishi wangu utalia vile vile, Kaisho yote ijue bibi harusi amefika. Debe tupu haliachi kuvuma, wazee walisema, lakini nani alinikumbusha siku ile?

Basi nikapika uji. Nikatia vipande, nikapiga pasi, nikakata. Mwanangu, vilikatika vizuri! Kona kwa kona vinakutana kama ndugu waliopatana. Nilipomaliza kushona, badala ya kufua nikaupaka uji mwingine juu yake, mzito wa kulisha wakata miti, nikaupiga pasi tena. Mfarishi ulikuwa unasimama wenyewe! Niliuegemeza ukutani, akapita mzee jirani ambaye macho yalikuwa yameanza kumchoka, akauamkia. Akauamkia tena. Akaondoka akilalamika kwamba siku hizi kwetu tunapokea wageni wenye kiburi.

Siku ya safari tuliondoka Murongo alfajiri. Shangazi alibeba mfarishi kichwani, na kila hatua unalia, kra, kra, mpaka ndege wanahama. Mimi ndani ya ushungi natabasamu. Tulipokaribia Kaisho ikashuka mvua, siyo mvua hii yenu ya kuombewa, mvua yenyewe.

Kelele zikaisha hapo hapo. Mfarishi ukalegea, ukamlalia shangazi mabegani, na uji ukaanza kuteremka. Ukapita kwenye paji la uso, ukapita puani, ukafika mdomoni. Shangazi akasimama katikati ya njia. Akalamba. Akanigeukia.

"Binti yangu," akasema, "umesahau chumvi."

Nilitaka ardhi inimeze, lakini ardhi yenyewe ilikuwa tope. Kurudi hakuwezekani, kufua hakuna muda, wenyeji wameshatuona na vigelegele vimeanza. Na hapo ndipo ng'ombe wa mama mkwe walipokuwa wanarudi zizini. Ng'ombe na harufu ya muhogo, unawajua. Mmoja, ambaye pembe zake unaweza kuanika nguo za familia nzima, akaja moja kwa moja kwa shangazi, akashika kona ya mfarishi, akaanza kunyonya. Shangazi anavuta huku, ng'ombe anavuta kule. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo yenyewe ndiyo iliyokuwa inaliwa!

Mama mkwe akatoka. Mwembamba, mrefu, uso umekauka. Vigelegele vikakatika katikati. Nikapiga magoti kwenye tope.

"Shikamoo, mama."

Yeye akamtoa ng'ombe kwa kofi la shingoni, akachukua mfarishi unaochuruzika, akaugeuza upande wa ndani. Akapitisha kidole kwenye mshono, mstari baada ya mstari.

"Nani ameshona hii?"

"Ni mimi, mama."

"Nani alikuambia upake uji juu?"

Nikamwangalia shangazi. Nikaangalia chini. "Hakuna, mama. Nilitaka ulie, watu wasikie."

Akakung'uta uji vidoleni, akasema, "Mshono umenyooka. Mkono wako unajua kazi. Ila una kichwa kinachotaka kupigiwa ngoma." Akaketi kwenye kigoda. "Haya, nifunike, nina baridi."

Nikamfunika, mwanangu. Akatulia! Akatulia chini ya uji ule unaomtiririka, ng'ombe akarudi akawa anamlamba mgongo, na yeye ametulia tu. Shangazi alipiga kigelegele mpaka Rwanda walifikiri ni kwao.

Kesho yake mama mkwe akanishika mkono mpaka chemchemi, tukaufua wote wawili. Maji yalitoka meupe kama maziwa. Ulipokauka ulikuwa laini kama sikio la mbuzi, na zile kona bado zimekutana. "Unaona?" akaniambia. "Ugumu umeondoka, unyoofu umebaki." Alijifunika mfarishi ule mpaka alipotuacha.

Basi sikia, mwanangu. Kama una haraka na hutafua, nyunyiza gundi, kidogo tu. Kama kitambaa ni kilegevu na lazima ukikaze, tia muhogo, kata, shona, halafu ufue utoke wote, usiweke kabatini ukawaalika mende na panya. Na nyumba yako ifanye hivyo hivyo. Iko siku ya kukaza, wakati wa kukata neno, kaza. Neno likishakatwa, legea, watu wapate kujifunika. Usitafute kusikika. Chema chajiuza.

Mungu akupe mkono ulionyooka na ulimi laini. Migomba yako izae mpaka iombe mihimili. Wakwe wakuone watulie, na watoto wagombanie kulala upande wako...

Lo, mwoneni babu yenu, muda wote yuko pale pembeni anapukuchua maharage, sasa anaweka ungo chini anidakie:

"Malizia basi, mama! Waambie Jumapili iliyofuata uliitia kaptula yangu uji wa muhogo, ikakaza nisiweze kuketi, nikasali misa nzima nimesimama, padri akadhani nimeokoka!"