Daktari aliyenipasua mkono hakuruhusiwa kuniambia pole: nilivyoielewa bima yake

Mwaka 2021, mvua za kwanza zimeanza Kigoma, nami nina miaka hamsini na miwili.

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine habari zenu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na nakala za barua ninazo.

Ni mjane, mkazi wa Katubuka. Kidato cha nne nilimaliza nikiwa na miaka arobaini na sita, darasa moja na watoto wa rafiki zangu. Tangu hapo ndimi katibu wa kikundi chetu cha akina mama. Mwandiko wangu walikuwa wakiwaonyesha wageni.

Jumanne, 9 Novemba, daktari wa kliniki moja binafsi alinitoa uvimbe mdogo kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Mshipa wa fahamu ukakatwa.

Kidonda kilipona, lakini vidole vitatu havikurudi. Kalamu ikawa inaanguka.

Daktari huyo, kijana mtaratibu kutoka Iringa, alikuwa jirani yangu. Kila asubuhi alinipa shikamoo. Baada ya hapo, akiniona anageuza njia.

Mama Zuhura wa nyumba ya pili hakuacha kunitania. "Daktari wako leo karuka mtaro na suruali nyeupe. Umemfanya nini mtoto wa watu?"

Nilicheka, ila niliumia. Kwetu hata aliyekuvunjia chungu huja mlangoni kusema pole. Nikaiandikia kliniki malalamiko kwa mkono wa kushoto: ukurasa mmoja, siku mbili.

Jibu likatoka kampuni ya bima, Dar es Salaam. Nilishangaa. Bima niliijua ya magari na ya matibabu. Kumbe daktari naye hukata ya kwake, ili kosa lake likimdhuru mgonjwa, kampuni igharimie wakili na fidia.

Jumatano, 11 Mei 2022, ofisa wao akaja. Nikaomba mkataba niusome mwenyewe. Akampigia daktari simu kuomba ruhusa, kisha akanipa.

Kifungu kimoja nilikirudia mara tatu: mwenye bima asikiri kosa wala kuahidi fidia bila idhini ya kampuni.

"Na pole je?" nikauliza.

"Mama, pole inaweza kusomwa mahakamani kama kukiri. Akiisema, tunaweza kukataa kulipa."

Miezi sita nimemhukumu kwa kiburi, kumbe amefungwa mdomo na saini yake. Nikamwambia ofisa: fidia nitaipokea, lakini shauri halifungwi mpaka kampuni impe daktari idhini ya kusema pole, kwa maandishi.

Ijumaa, 17 Juni 2022, tukakutana wote watatu. Barua ya idhini ilikuwa mezani. Ofisa, kwa kuuona mkono wangu, akanisogezea wino nitie dole gumba kwenye hati ya fidia.

Daktari akaurudisha. "Mpe kalamu. Mama anaandika."

Nikatia saini kwa kushoto, herufi moja moja. Ndipo akasimama.

"Shikamoo mama. Nilikata pasipotakiwa. Pole."

"Marahaba, mwanangu."

Madaktari mlio humu, kateni bima, lakini someni pia inawazuia kusema nini. Nasi tuliotibiwa vibaya, tuulize kabla ya kuuita ukimya dharau.

Nisahihisheni nilipokosea. Nitasoma kila jibu, ingawa kuandika kwangu siku hizi ni kwa polepole.