Waliokubali Wakichuchumaa

Nilitoka Kanduyi asubuhi nikiwa na bahasha ya fomu na hasira kidogo, kwa sababu aliyeziandika hajawahi kuingia gerezani. Zilisema mfungwa atajaribiwa dawa mpya ya kifua kikuu "kwa hiari yake". Mimi, muuguzi, ndiye niliyetumwa kuitafuta hiyo hiari, katika gereza moja upande wa Kitale.

Niliwakuta wafungwa uani wamechuchumaa watano watano, kama wanavyohesabiwa kila siku. Nikawasomea fomu. Askari akauliza nani anakubali, na mikono yote ikapanda kwa pamoja.

"Si umeona, daktari? Wote wamekubari," akaniambia.

Sikupenda wepesi ule. Nikadai kila mmoja aje kwangu peke yake, kwenye chumba cha zahanati, mlango ukiwa umefungwa. Askari akanuna, lakini akakubali.

Wa kwanza, mkulima wa Kapsokwony, aliingia akachuchumaa mbele yangu. Nikamwambia akae kwenye kiti. Akakaa ukingoni, macho mlangoni.

"Unataka kumeza hii dawa?" nikamuuliza.

"Nikisema sitaki, utaandika?"

"Lazima niandike."

"Na afande ataona?"

Nikamwambia hataona. Akanong'ona, "Basi mimi sitaki."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba langoni kila karatasi inayotoka husomwa. Nilikuwa nimemwahidi kitu nisichokuwa nacho. Mwenye nguvu mpishe, husema watu, lakini huyu angempishia wapi? Niliogopa kwa ajili yake, na kwa ajili ya kazi yangu pia, sifichi. Nikaandika: "Hafai. Presha iko juu." Ulikuwa uongo, na katika utafiti mtu hufukuzwa kwa uongo kama huo. Nikamsomea nilichoandika. Akalirudia neno "presha" kwa sauti ya chini, akatoka.

Saa ya chakula ikafika, wengine wakaahirishwa hadi kesho yake. Langoni askari alisoma ule ukurasa, akaugeuza, akausoma tena. Akanirudishia.

Kesho yake wa pili aliingia, na kabla sijafungua mdomo akaniambia ana presha. Wa tatu vilevile. Kufikia saa sita, wanaume kumi na mmoja walikuwa wameniambia hivyo, kila mmoja kwa sauti ya chini. Niliwapima wote, na presha zao zote zilikuwa sawa. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kusema hataki.