Mpira wa Maji kwenye Injini ya Dizeli

Kuna siku moja hainitoki kichwani, mwanangu, na nitakusimulia bila kujipamba. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, fundi wa magari pale Gatsata, Kigali, katika gereji ya Mzee Ramadhani. Mzee huyu alizaliwa Biryogo, mtaa wa Waswahili mjini humo, baba yake akiwa mtu wa Ujiji, na Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani. Mimi Kiswahili nilijifunzia chini ya magari, tena kwake yeye.

Ilikuwa miaka ya vita vya kaskazini, kabla ya mwaka ule wa mauaji, wa tisini na nne, ambao wewe umeusoma na mimi nimeuishi. Barabara ya Uganda ilikuwa imefungwa na petroli ilipatikana kwa kubahatisha. Akaja mama mmoja jina lake Konsolata, mkunga wa zahanati ndogo huko juu, kupita Shyorongi. Alikuwa akiendesha mwenyewe jipu la zahanati, na injini yake ya petroli ilikuwa imechoka kabisa. Wasamaria wema walikuwa wamempatia injini ya dizeli iliyotolewa kwenye gari la mizigo lililopinduka. Alitaka tuitoe ile na kuweka hii.

Aliniuliza mimi, akiniita fundi kwa lugha ya kwetu, kwa kuwa ndiye niliyesimama karibu. "Mukanishi, hii injini itaenea mule ndani?"

"Itaenea, mama. Jumamosi njoo uchukue gari."

Sikuwa nimepima hata kwa kiganja. Mzee Ramadhani alinitazama tu, akaendelea na kazi yake. Siku hizo nilidhani mtu akinyamaza amekubali.

Injini iliingia, kwa kweli. Iliingia kwa kusukumwa, kwa jeki na kwa jasho, lakini iliingia. Taabu ikawa filta ya oili. Kwenye injini ile filta ilikaa ubavuni, na ubavu huo sasa uliangalia boksi la usukani. Nafasi haikutosha. Nikazunguka maduka yote ya vipuri mpaka nikapata filta fupi zaidi, nikaifunga kwa ncha za vidole, nikaenda kumwita Mzee kwa furaha.

Alikuja akainama juu ya injini. Alichana kipande cha gazeti, akakipenyeza kati ya filta na boksi la usukani, akaniambia niwashe injini na nikanyage mafuta. Unajua dizeli inavyotikisika. Alipolivuta lile gazeti lilitoka limechanika vipande.

"Leo imekula karatasi," alisema. "Baada ya mwezi itakula bati la filta, oili yote imwagike barabarani. Unamjua anayepanda gari hili? Wanapanda wajawazito."

Nikasema nitaligonga boksi kwa nyundo kidogo. Hapo ndipo aliponikemea, kwa sauti ya chini kama kawaida yake. "Usukani haugongwi nyundo. Ihamishe filta."

Kazi ya kuhamisha filta si ngumu kuieleza. Pale ilipokuwa filta unafunga kipande cha chuma chenye matundu mawili. Oili inatokea tundu moja, inapita kwenye mpira mpaka kwenye filta uliyoifunga mbali, sisi tuliifunga ndani ya madigadi, kisha inarudi kwenye injini kwa mpira wa pili. Fundi mchonga vyuma wa jirani alinichongea kile kipande vizuri sana. Ikabaki mipira. Oili ya injini ni ya moto na ina presha, kwa hiyo inahitaji mipira minene yenye nyuzi za chuma ndani, kama ile ya matingatinga. Mtu mmoja aliyetengeneza mitambo ya barabara alikuwa nayo, akaniambia nisubiri mpaka Jumanne.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Mzee Ramadhani alikuwa amekwenda msibani Butare. Na mimi nilikuwa nimeshasema Jumamosi.

Mwanangu, nilijua. Nataka ulisikie neno hilo. Nilichukua mpira wa maji, ule wa rejeta, nikaukata vipande viwili, nikavibana kwa klipu. Nilijua kwamba oili huila mpira wa namna ile kutoka ndani. Nikajiambia utavumilia kidogo, halafu siku moja nitambadilishia. Niliwasha injini, nikaenda mpaka Nyabugogo na kurudi, nikapitisha kidole kwenye viungo vyote. Pakavu kabisa. Jumamosi mama Konsolata akaja, akanishukuru mpaka nikaona aibu, akaondoka.

Jumatano mchana dereva wa lori alisimama mlangoni kwetu akauliza nani alitengeneza jipu la zahanati. Mpira ulikuwa umepasuka kwenye mteremko wa Shyorongi, na ndani ya gari alikuwemo mwanamke mwenye uchungu, akipelekwa hospitali Kigali. Taa ya oili iliwaka, na mama Konsolata akazima injini papo hapo, kwa sababu Mzee alikuwa amemfundisha hivyo siku alipoleta jipu. Injini ilipona. Lakini gari halikuweza kwenda. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, wanawake waliokuwa wakitoka sokoni wakiwa wameshika vitenge kuwakinga. Mama yake alivuja damu nyingi. Wanaume walimbeba kwenye ingobyi, ile machela yetu ya kusukwa, mpaka lori hili lilipowakuta na kuwafikisha mjini.

"Wako wazima?" Mzee aliuliza. Alikuwa amerudi jana yake.

"Niliwaacha wanapumua wote wawili."

Dereva alipoondoka nilianza kusema mipira ya siku hizi haifai, wauzaji wanatudanganya. Mzee Ramadhani alinyoosha mkono akachukua kile kipande cha mpira kilichobaki kwenye meza yangu, akakitazama, akakirudisha.

"Mimi huo uongo sitausikia," alisema. "Nenda ukamwambie mwenyewe. Usimtume mtu."

Asubuhi niliichukua mipira ya kweli, maana ilikuwa imeshafika, nikaifunga pamoja na spana kwenye gunia na galoni ya oili, nikapanda na lori mpaka Shyorongi, kisha kwa miguu. Njia nzima nilitunga maneno. Nilimkuta mama Konsolata nyuma ya zahanati anaanika mashuka. Jipu lilikuwa limevutwa kwa kamba mpaka uani. Maneno yote niliyotunga yakanipotea.

"Mama, ule mpira ulikuwa wa maji. Si wa oili."

"Ulikosea?"

"Hapana. Nilijua."

Alimaliza kuanika shuka lililokuwa mkononi, akalinyoosha pembe zote nne. Nilitamani anitukane. "Bon, sawa," alisema. "Gari iko pale. Utaitengeneza hapa hapa, na mimi nitakuwa naangalia."

Nilifanya kazi siku mbili, nikilala kwa mlinzi wa zahanati. Kila nilichofunga aliniuliza ni cha nini, na kila mara nilimweleza. Niliupitisha mpira mbali na bomba la moshi na mbali na usukani, nikaushikilia kwa vyuma usicheze. Nilijaza filta oili kabla ya kuifunga. Kisha nilizuia dizeli isifike, nikapiga stata bila injini kuwaka ili oili izunguke kwanza, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka taa ya oili ikazimika. Hapo tu ndipo nilipowasha. Akaniambia niingie. Tulishuka mteremko ule na kuupanda mara tatu, yeye kwenye usukani na mimi kando. Mara ya tatu alisimama pale pale ilipomwagika oili, doa lake likiwa bado jeusi kwenye lami, akafungua boneti, akapitisha kidole chake mwenyewe.

"Sasa nitapakia watu," alisema.

Yule mzazi alikaa hospitalini wiki tatu, akarudi na mwanawe. Jipu lile lilifanya kazi mpaka vita vilipotufikia sote. Mama Konsolata hakuuvuka mwaka ule. Kuna mengi siwezi kulipa kwa watu walioondoka, lakini yeye nilimwambia ukweli akiwa hai, na alinijibu.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu, hata kama kazi yako si ya magari. Usimpe mtu siku kabla hujapima kazi. Na ukishampa, kisha ukaona haiwezekani, rudi umwambie subiri. Atakasirika, mwache akasirike. Kosa la kutojua hutengenezwa kwa kujifunza. Lile ulilolijua moyoni ukaliacha litoke mlangoni, hilo huwaangukia watu wasiokufahamu. Na likishatokea, nenda kwa miguu yako, useme neno lenyewe, kisha urudie kazi mbele ya macho yao mpaka iwe sawa.

Mwenyezi Mungu akupe uvumilivu wa kusubiri kifaa kinachofaa, akuweke karibu na watu watakaokuambia ukweli, na kila atakayesafiri kwa kazi ya mikono yako afike kwake salama.