Siku Mtungi wa Mama Mkwe Ulipoacha Kutoa Jasho

Hii aibu wacha niitoe mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Nduku, mke wa shemeji yangu, maana yeye huitia chumvi, na mkicheka mcheke polepole kwa sababu mimi ni mwalimu wa sayansi na Jumatatu bado nina darasa.

Ilianzia Mtito Andei, basi limesimama ili watu wale chakula, na mwanamume mmoja mwenye tai akaingia na chupa za kupulizia, akasema hii ni teknolojia ya nano, chembechembe ndogo kiasi kwamba kando yake vumbi ni jiwe, ukipuliza jiko la gesi mafuta hayashiki, ukipuliza pasi uchafu haushiki, kisha akajimwagia soda kwenye tai na yote ikateleza chini. Nikanunua. (Na mimi ndiye huwaambia wanafunzi wasiamini kitu kabla ya kukipima.)

Kusema kweli ilifanya kazi. Jiko lilipanguswa mara moja likang'aa, birika la umeme likarudi upya, na hapo ningeacha. Lakini friji sina, maji yetu hupoa kwenye mtungi wa udongo ambao mama mkwe alinipa mimi akamruka Nduku, kwa sharti kwamba nikishindwa kuutunza utaenda kwa Nduku, na huo mtungi ulikuwa unatoa jasho kutwa na kulowesha vigae vyangu vipya. Nikaupuliza nje kote, mara mbili. Kesho yake ulikuwa mkavu kabisa, nikajipongeza.

Jumapili mama mkwe akafika kutoka Tseikuru, jua ni kali, na akina mama wa kanisa wakaja kwangu kwa maombi pamoja na pasta, Nduku akiwemo. Njia nzima mama mkwe alikuwa amewaahidi maji ya mtungi wake. Akachota mwenyewe, akampa pasta kwa mikono miwili. Pasta akanywa, akakiangalia kikombe.

"Mama, hii ni chai ama?"

Nikaonja. Vuguvugu! Sikuelewa kitu. Nikasema labda ni jua la dirishani, tukausogeza, nikasema labda ni maji yenyewe, tukamwaga yote (maji, huku kwetu, mbele ya wanawake waliotoka mtoni alfajiri!) tukajaza mengine, tukaimba, tukasoma neno, tukaonja tena, bado. Mama mmoja akauliza ni nani amegombana humu ndani mpaka mtungi umekasirika. Basi wakauombea mtungi, na mimi mwalimu wa sayansi nikafumba macho, na amina yangu ndiyo ilisikika zaidi.

Mama mkwe hakufumba. Alipitisha kiganja kwenye tumbo la mtungi, akaurushia matone ya maji, yakabiringika kama juu ya jani la nduma.

"Mama Mutua," akaniita, "huu umeupaka nini?"

"Ni nano, mwaitu, mama yangu. Ya kuzuia maji."

"Woi! Sasa utatoa jasho na nini? Jasho ndilo huondoka na joto. Kwani nyinyi walimu mnafundishanga nini?"

Huyu mama hajakaa darasani hata siku moja. Na mimi somo la mvukizo nalifundisha kila mwaka, na mfano ninaouchora ubaoni ni mtungi, na matone ya jasho nayachora kwa chaki ya buluu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Hakunigombeza, na hiyo iliniuma zaidi. Alimwita Nduku wakaubeba, wakausugua kwa mchanga, wakauchoma upya kwa moto wa mavi ya ng'ombe, na sasa unatoa jasho vizuri, nyumbani kwa Nduku. Chupa ya nano bado ninayo, ni ya jiko tu, na nimeapa kitu kikitoa jasho nakiacha kitoe, hata kikinilowesha miguu.

Nikipita kwa Nduku huniletea maji baridi mpaka meno yanauma, halafu anauliza, "Nikuongeze, mwalimu?"

Nami husema ongeza. Nitafanyaje, na kwangu maji ni moto?